Kitabu Kinachovuka Mpaka: Ginsi Maktaba Zinavyoazimana



Tangu muhula uliopita sisi makapita tunaulizwa neno moja tu, na zaidi na wenzetu wa mwaka wa sita wanaotayarisha egzamen ya serikali: kama kitabu fulani hakiko mu maktaba yetu, sababu gani mtunza-vitabu asikiombe pahali pengine, hata ng'ambo ya mpaka? Wamesikia ya kwamba huko Ulaya watu wanafanya vile. Ni kweli wanafanya. Basi tumeona vizuri tueleze hapa kazi hiyo inaendeshwa namna gani, maana wengi wanafikiri ni sadaka ya matajiri kwa maskini, na si hivyo.

Jambo la kwanza la kushika: mtu mwenyewe haazimi. Maktaba njo inaazima. Wewe unaenda ku maktaba yako, unaandika jina la kitabu, jina la mwandishi na mwaka kilipochapwa. Mtunza-vitabu anatafuta kwanza kwake, kisha anauliza maktaba zingine za inchi yake. Kama zote hazina, hapo tu ombi linavuka mpaka. Na kitabu kikifika, kinafika kwa jina la maktaba, si kwa jina lako. Tangu kimetoka ku mlango wa wenyewe mpaka siku ya kurudi, kikipotea, kikilowana na mvua, mtoto akikipasua, mwenyi kulipa ni maktaba iliyoomba. Wale wa mbali hawakujui wewe na hawatakutafuta. Lakini jina la maktaba yako wataliandika, na ombi la mwenzako wa mwaka kesho litajibiwa kwa kufwata jina lile.

Wazo hili si la jana. Mu karne ya 17 msomi mmoja Mfaransa wa mji wa Aix, Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, aliyekufa mwaka 1637, alijitahidi kupatanisha maktaba ya mfalme kule Paris na maktaba za Roma ili ziazimane vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Mwaka 1876 Samuel Swett Green, mtunza-maktaba wa Worcester huko Marekani, aliandika mu gazeti la watu wa kazi yake kuomba maktaba zizoee kupana vitabu. Lakini barua nzuri haitoshi pahali penye mpaka, posta mbili na franga za namna mbili. Njo maana shirika la maktaba za dunia, IFLA, lililozaliwa Edinburgh mwaka 1927, lilitoa kanuni za kuazimana kati ya inchi mwaka 1954, na kuzitengeneza upya mwaka 1978, na tena nyuma ya hapo.

Kanuni moja ya mwaka 1978 tuliisoma mara mbili. Haianzi na kuomba, inaanza na kutoa. Inasema ya kwamba kila inchi ikubali mzigo wa kuwapatia wengine vitabu vilivyochapwa kwake yenyewe, ao kwa kuviazimisha ao kwa kutuma fotokopi. Maana yake Wajeremani wajibu juu ya vitabu vya Ujeremani, Wahindi juu ya vya India. Na kitabu kilichochapwa Kinshasa, Lubumbashi ao Bunia? Msomi wa Dar es Salaam ao wa Brussels akikihitaji, wa kwanza wa kuulizwa ni sisi Wakongo. Tutarudi hapo.

Mfano mkubwa wa kazi hii uko Uingereza, mu kijiji cha Boston Spa. Wakati wa vita ya pili ya dunia kulikuwa pale karakana ya silaha. Nyuma ya vita, bwana Donald Urquhart alipafanya pahali pa maktaba ya sayansi, iliyofunguliwa mwaka 1962. Maktaba ile haikuwa sawasawa na hizi tunazozijua, zenyi meza na watu kukaa kimya. Kazi yake kubwa ilikuwa kutuma kwa posta. Magazeti ya sayansi yalipangwa tu kwa kufwata herufi za majina yao, ili mfanyakazi asome ombi, aende moja kwa moja ku rafu, achukue, afunge, atume. Wengine walimcheka juu ya kupanga vile. Sisi tunaona alikuwa na akili: msomaji anayengoja mu mji mwingine hapendi kujua rafu ni nzuri namna gani, anapenda kitabu kifike. Mwaka 1973 maktaba ile iliingia mu British Library, na maombi yaliifikia kutoka inchi nyingi sana.

Siku ambazo kitabu kinakaa kwa msomaji si nyingi. Desturi ya kanuni zile za 1978 ni mwezi moja, bila kuhesabu siku za njia. Tena mwenyi kitabu anaweza kuandika: kisomwe ndani ya maktaba tu, kisiende nyumbani. Sheria hii inauma kidogo mtu ambaye nyakati zake za kusoma ni za usiku, lakini kitabu cha watu ni cha watu. Na vile vya zamani sana, ao vilivyobaki kimoja tu, havisafiri hata kidogo.

Garama je? Mara nyingi mwenyi kuomba analipa. Hapa kulikuwa shida ya kuchekesha: garama ya benki kwa kupitisha malipo madogo mpaka inchi ingine inaweza kupita malipo yenyewe. Mwaka 1995 IFLA ilileta vipande vya plastiki vya kulipia, visivyo na siku ya mwisho. Maktaba iliyopokea kipande haikulazimika kukimbia benki. Iliweza kukiweka na kulipia nacho siku yake ya kuomba. Na juu ya duane, kuna mapatano ya UNESCO yaliyofanywa Florence mwaka 1950, na nyongeza yake ya Nairobi mwaka 1976, ya kwamba inchi zilizokubali zisitoze ushuru juu ya vitabu. Hata hivyo maktaba zenyi akili zinaandika wazi juu ya kifurushi ya kwamba ni kitabu cha maktaba, si bidhaa. Aliyevuka mpaka wetu na mzigo anajua sababu.

Siku hizi ombi linakwenda kwa intaneti mu dakika moja, na mara nyingi kinachorudi si kitabu, ni kurasa zilizopigwa picha. Lakini hapo sheria ya haki za mwandishi inaingia, na kila inchi iko na yake. Walioumia zaidi walikuwa vipofu. Kitabu kilitengenezwa kwa maandishi ya vipofu mu inchi moja, na sheria ilikataza kukituma kwa vipofu wa inchi ingine, hata kama wanasoma luga ile ile. Kazi ilibidi ianze upya. Mapatano ya Marrakech ya mwaka 2013, yaliyoanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, yalifungua mlango huo kati ya inchi zilizoyakubali.

Sasa turudi kwetu. Tulimwuliza mtunza-vitabu wetu, naye akatuonyesha vyote alivyo navyo: rafu, na daftari la wanaoazima. Katalogi hakuna. Maktaba ya mbali haiwezi kuja kuchungulia mu dirisha. Inasoma orodha, na kisichoandikwa ni sawasawa hakiko. Hata masomo jirani hawawezi kutuomba kitu, na ni vigumu kuomba kwa watu ambao hawawezi kukuomba.

Wengine watasema: nani atatafuta vitabu vyetu vya mafundisho vilivyopasuka? Hivyo, hakuna, viko pahali pengi. Lakini kule nyuma, chini ya ramani, kuna sanduku la nyimbo na vitabu vya kusoma vya Kiswahili chetu vilivyochapwa na misioni, na namba za zamani za gazeti hili hili unaloshika. Tulihesabu namba kumi na moja. Zingine hatujui kama ziko kwa mtu yeyote duniani.

Bwana prefe amekubali tutumie saa mbili kila siku ya tano nyuma ya masomo. Mwaka wa tano wataandika fichi: jina, mwandishi, pahali, mwaka, hesabu ya kurasa. Tutaanza na sanduku, si na rafu. Mwenyi namba ya zamani nyumbani, hata isiyo na kifuniko, ailete kwa kapita wa darasa lake. Tutaandika jina lake ku fichi, na akiitaka irudi, itarudi mu mwezi moja.