Ukifika Ujerumani, Anzia Mgodini: Mwongozo kwa Watu wa Likasi

Vitabu vya safari vinavyoeleza Ujerumani, Austria na Uswisi huanza na makanisa, ngome na milima yenye theluji. Ni vitu vizuri, na nitavitaja. Lakini mtu aliyekulia Likasi, kati ya Shituru na Panda, ana sababu ya kuanzia kwingine. Mwaka 1789, mkemia Martin Heinrich Klaproth wa Berlin alichunguza jiwe zito jeusi lililotoka mgodi wa Johanngeorgenstadt, katika milima ya Erzgebirge, akagundua ndani yake elementi ambayo haikuwa ikijulikana: urani. Mwaka 1915 madini hayohayo yakaonekana Shinkolobwe, jirani kabisa na mji wetu. Kobalti nayo ilichimbwa kwa karne nyingi katika milima hiyo ya Erzgebirge, ikatengenezewa rangi ya buluu ya kupaka vyombo na vioo, kabla Katanga haijawa na kiwanda hata kimoja. Historia ya kazi yetu ina mizizi kule, na mizizi hiyo inatembelewa kwa tiketi ya kawaida.

Kwanza tuzijue nchi zenyewe. Kijerumani ni lugha rasmi Ujerumani, Austria na Liechtenstein. Nchini Uswisi ni lugha mojawapo kati ya nne za taifa, na inasemwa na wananchi wengi kuliko nyingine. Luxembourg pia inaitumia, na hata Ubelgiji ina wilaya ndogo ya Kijerumani upande wa mashariki, mji wake mkuu ukiwa Eupen. Kwa ukubwa si nchi za kutisha. Ujerumani ina kilomita za mraba 357,000 hivi, na Kongo yetu ingeimeza zaidi ya mara sita. Austria ina 84,000 na Uswisi 41,000. Ukiziunganisha hizo mbili, bado mkoa wa Haut-Katanga peke yake unazizidi.

Ardhi yenyewe inashuka kutoka kusini kwenda kaskazini. Kusini ndiko kuna milima ya Alpi: Matterhorn ya Uswisi ina mita 4,478, Grossglockner ya Austria 3,798, na Zugspitze, ulio mrefu kuliko yote Ujerumani, 2,962. Mto Rhein unatoka Alpi za Uswisi, unapita Köln na kumalizikia Uholanzi. Donau unaanzia Msitu Mweusi kusini mwa Ujerumani, unapita Vienna, na kuishia Bahari Nyeusi. Kaskazini ni tambarare mpaka baharini. Milima ya madini, yaani Harz na Erzgebirge, iko katikati na mashariki, mirefu kiasi tu, yenye misitu.

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, mimi nakushauri Rammelsberg, kando ya mji wa Goslar katika Harz. Hapo walichimba shaba, risasi, zinki na fedha kwa zaidi ya miaka 1,000, na walifunga mwaka 1988 kwa sababu mawe yalikwisha. Miaka minne tu baadaye, 1992, UNESCO iliuingiza mgodi huo pamoja na mji wa Goslar katika urithi wa dunia. Usiharakishe kwenda kwenye mashimo. Simama kwanza katika chumba cha kubadilishia nguo. Wachimbaji wa Ujerumani hawakuwa na makabati: kila mmoja alikuwa na ndoano iliyofungwa kwenye mnyororo. Alitundika nguo zake, akavuta mnyororo, nguo zikapanda mpaka darini kwenye hewa ya joto, akafunga kufuli kwa chini. Ukiinua macho unaona minyororo mamia kwa mamia. Mtu yeyote aliyepata kumsubiri baba yake kwenye geti la kampuni ya Gécamines ataelewa chumba hicho bila kuelezwa.

Eneo la pili ni Ruhr, magharibi, nchi ya makaa ya mawe. Miji imeshikana kiasi kwamba unatoka mmoja na kuingia mwingine bila kujua. Huko Essen kuna Zollverein, mgodi uliofungwa 1986 na kuwa urithi wa dunia 2001. Mnara wake wa chuma wa kupandishia makaa, wenye mita 55, leo ni alama ya mkoa mzima, na jengo la kuoshea makaa limegeuzwa makumbusho. Karibu yake, Bochum, kuna makumbusho ya taifa ya uchimbaji, Deutsches Bergbau-Museum, yaliyoanzishwa 1930; chini yake wamechimba njia za mfano ili mgeni atembee chini ya ardhi na kuona mashine zikifanya kazi. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu Ujerumani, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na wachimbaji walimkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho mkononi.

Upande wa mashariki uko mji mdogo wa Freiberg, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Dresden. Chuo chake cha madini kilifunguliwa 1765, na bado kinafundisha. Hapo Clemens Winkler aligundua elementi ya gerimani mwaka 1886, katika jiwe la mgodi wa jirani. Ndiyo gerimani ileile inayotafutwa sasa katika kilima cheusi cha mabaki pale Lubumbashi. Katika ngome ya Freudenstein, katikati ya mji, kuna maonyesho ya mawe yaitwayo terra mineralia, yaliyopangwa kwa mabara. Nenda moja kwa moja chumba cha Afrika. Kijana wa Likasi anayesoma jiolojia aandike jina la chuo hicho, kisha aulize habari za ufadhili kwenye shirika la DAAD, ambalo hulipia masomo ya Waafrika pia.

Sasa niseme la Ronneburg, ambalo vitabu vya watalii huliruka. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wasovieti walichimba urani mashariki mwa Ujerumani kupitia kampuni ya Wismut, mpaka mwisho wa mwaka 1990. Waliacha maji machafu, vilima vya mabaki vyenye mionzi, na karyeri, yaani shimo la wazi, ya Lichtenberg, iliyowahi kufikia kina cha mita zipatazo 240. Serikali ya Ujerumani ikachukua dhamana. Vilima vilipakiwa kwenye malori na kurudishwa ndani ya shimo, shimo likajaa, likafunikwa udongo. Mwaka 2007 maonyesho ya taifa ya bustani na maua yalifanyika papo hapo, Gera na Ronneburg. Gharama ya kusafisha maeneo yote ya Wismut imepita euro bilioni 6, na kazi haijaisha. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Shinkolobwe iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima imefungwa kwa amri ya rais tangu 2004 bila kusafishwa namna hiyo. Ronneburg inaonyesha kwamba inawezekana, na inaonyesha bei yake.

Austria ina maajabu mawili ya mgodi. Hallstatt, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, kimetoa chumvi tangu zama za kale. Wanaakiolojia waliikuta ndani ya mgodi wake ngazi ya mbao iliyojengwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo. Chumvi imeihifadhi mpaka mikato ya shoka inaonekana. Treni inakuacha ng'ambo ya ziwa, unavuka kwa mashua. La pili ni Erzberg, mlima wa chuma uliokatwa ngazi kwa ngazi kama karyeri zetu za Kambove, ila huu unapanda juu. Bado unachimbwa, na wageni hutembezwa juu ya lori kubwa la mgodi.

Uswisi haina migodi ya kujivunia, lakini shaba na kobalti ya Katanga inafika huko kwa karatasi: makao makuu ya kampuni ya Glencore, yenye migodi mikubwa upande wa Kolwezi, yako katika mji mdogo wa Baar. Kitu cha kutazama Uswisi kwa mtu wa mgodi ni reli ya chini ya mlima Gotthard, kilomita 57 ndani ya mwamba, iliyofunguliwa 2016.

Yale maarufu ya kila mtu ni rahisi kuyaona njiani. Kanisa kuu la Köln, mita 157, lilianza kujengwa 1248 na kumalizika 1880. Liko mlangoni mwa stesheni ya treni. Berlin ina lango la Brandenburg la mwaka 1791 na vipande vya ukuta uliogawanya mji kati ya 1961 na 1989. Mkongomani asiondoke Berlin bila kupita barabara ya Wilhelmstrasse. Mkutano wa 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliafikiana kanuni za kugawana Afrika na Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaibuka na Kongo, ulifanyika kwenye barabara hiyo. Jumba lenyewe halipo tena.

Kuhusu safari: Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein zote zimo katika Schengen, kwa hiyo viza moja ya muda mfupi inakupitisha zote, siku 90 katika kila siku 180. Maombi hufanyika Kinshasa; uliza ubalozi wenyewe, usimpe pesa mtu anayekuahidi viza mkononi. Ujerumani na Austria zinatumia euro, Uswisi na Liechtenstein faranga ya Uswisi. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na baadhi ya migodi hufungwa majira ya baridi au kwa matengenezo, basi hakikisha kabla hujalipa nauli. Chukua koti hata kiangazi, maana chini ya ardhi kuna baridi. Na usitie jiwe lolote la mgodi kwenye begi bila kibali, hasa jiwe lililotoka Shinkolobwe: lina mionzi, na linaweza kukuletea kesi kwenye uwanja wa ndege.

Asiye na nauli aanze hapa nyumbani. Likasi ina makumbusho yake ya jiolojia, Sengier-Cousin, yenye mawe ambayo wataalamu wa Freiberg wangeyatamani. Wapeleke watoto. Kisha tuige jambo moja la Wajerumani: makumbusho ya Bochum yana hazina kubwa ya nyaraka za migodi iliyofungwa: picha, ramani, vitabu vya mishahara. Sisi tunavyo vitu hivyo majumbani, vya Union Minière na vya Gécamines, na vinachomwa kila mzee anapozikwa. Kama baba au babu yako ameacha kadi ya kazi, taa, kofia au picha ya timu yake, andika nyuma jina lake, mwaka na mahali alipofanya kazi, uvitunze pakavu.