FAHAMU MFUMO: Nambari Moja Inavyoamua Kama Umelipia Leseni ya Biashara

Mfanyabiashara analipia leseni kwa simu na kupata ujumbe kwamba pesa zimepokelewa. Wiki chache baadaye, maafisa wa mapato wanafika dukani, wanaingiza nambari ya biashara, na mfumo unaonyesha kuwa hajalipa. Huenda pesa zimo katika akaunti ya kaunti, ila hazijaunganishwa na duka lake. Mwenye duka anayeelewa jinsi hilo linavyotokea anaweza kujiepusha na faini au kufungiwa.

Programu na hifadhidata

Kile ambacho mwananchi huona kwenye simu, au karani kwenye kompyuta, ni programu. Rekodi zenyewe hukaa katika hifadhidata. Ni sawa na kaunta ya duka na stoo iliyo nyuma yake: mteja huhudumiwa kwenye kaunta, lakini mali iko stoo.

Hifadhidata nyingi za ofisi na biashara hupanga taarifa katika majedwali, mpango ulioelezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Kwa leseni, jedwali moja laweza kuwa la biashara, la pili la malipo na la tatu la leseni zilizotolewa.

Kiungo ni nambari, si jina

Majina hufanana. Soko moja laweza kuwa na hoteli mbili zinazoitwa Upendo. Kwa hiyo kila biashara hupewa nambari isiyotumiwa na nyingine yoyote, na kila malipo huandikwa pamoja na nambari hiyo ili majedwali yashikane.

Anayelipa akikosea tarakimu moja, mambo mawili yanaweza kutokea. Nambari hiyo ikiwa ya mtu mwingine, malipo yataenda kwa biashara ya huyo. Ikiwa si ya yeyote, pesa zitabaki kando bila mwenyewe hadi afisa azifuatilie.

Yote au hakuna

Ndani ya hifadhidata moja, hatua zinazotegemeana hufungwa pamoja: malipo kuandikwa, deni kufutwa, leseni kuidhinishwa. Umeme ukikatika katikati, hatua zote hurudishwa nyuma, pasibaki kazi nusu.

Lakini kampuni ya simu ina hifadhidata yake na kaunti ina yake. Mawasiliano kati ya hizo mbili yakikatika, upande mmoja waweza kuonyesha malipo na mwingine usionyeshe. Ndiyo maana orodha za pande zote mbili hulinganishwa, na ndiyo maana ujumbe wenye nambari ya muamala haufai kufutwa.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi wa hifadhidata huamua nani aone nini na nani abadilishe nini. Katika mfumo uliopangwa vyema, karani anaweza kuandika malipo lakini hawezi kuyafuta. Kosa husahihishwa kwa ingizo jipya, na mfumo huweka kumbukumbu ya aliyelifanya na saa aliyolifanya. Maafisa wakitumia nywila moja, kumbukumbu hiyo haiwezi tena kumtambua mhusika.

Msimamizi pia huweka nakala rudufu mahali tofauti na kujaribu kuzirejesha. Nakala isiyowahi kujaribiwa si ya kutegemewa siku mitambo inapoharibika.

Unachopaswa kufanya

1. Soma nambari ya biashara tarakimu kwa tarakimu kabla ya kuthibitisha malipo.
2. Hifadhi ujumbe wa malipo, na uhakikishe umepata risiti ya kaunti. Ujumbe wa simu huonyesha pesa zimetoka. Risiti huonyesha zimeandikwa kwa biashara yako.
3. Ukihama au ukibadilisha aina ya biashara, omba rekodi ibadilishwe. Ada ya leseni hutegemea taarifa hizo.
4. Rekodi ikiwa na kosa, peleka ombi la marekebisho kwa maandishi, ukiambatisha nambari ya muamala, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Marekebisho hayo si hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo za kweli zinazomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa. Ni vyema kuziangalia mapema, kabla maafisa hawajafika dukani.