Mathenge na rutuba isiyolisha mifugo

SWALI: Nasikia mti wa mathenge hurutubisha udongo. Kwa nini basi tuung'oe malishoni Baringo?

JIBU: Ni kweli, bakteria walio kwenye mizizi yake hunasa nitrojeni ya hewani, na udongo ulio chini yake huwa na kaboni nyingi kuliko ule wa malisho yaliyochakaa. Lakini rutuba hiyo inamfaidi nani? Kivuli kizito, kemikali za majani yanayooza na mizizi inayofyonza maji huzinyima nyasi nafasi. Tangu uletwe Baringo mapema miaka ya 1980, mti huu umemeza malisho mengi.

Anayesema afadhali mathenge kuliko ardhi tupu ana hoja, ila anaulinganisha na hali mbaya kabisa. Utafiti wa Baringo uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba malisho yaliyopandwa nyasi upya na kutunzwa kwa takriban miaka 30 yalirudisha kaboni udongoni, na mifugo ikapata chakula. Kwa hiyo ung'oe pamoja na shina la chini ya ardhi, maana ukikatwa juujuu huchipua, kisha panda nyasi za asili za kudumu mara mvua inaponyesha, kabla mbegu za mathenge zilizolala udongoni hazijaota.