Mafuta ya Siku Mbaya: Maswali na Majibu Kuhusu Akiba za Dharura

Tarehe 21 Julai 1977, mapipa yapata 412,000 ya mafuta ghafi yaliingizwa ardhini West Hackberry, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Ndivyo ilivyoanza hifadhi ya dharura ambayo ulimwengu umeizungumzia kuliko nyingine yoyote. Mafuta yenyewe yalitoka Saudi Arabia, moja ya nchi zilizoigomea Marekani miaka minne kabla. Mteja aliyefungiwa duka alikuwa amerudi palepale kununua mzigo wa kujikinga na mwenye duka.

Tangu hapo, kila vita vinapozuka karibu na visima vya mafuta, habari za akiba hizi hurudi magazetini. Yafuatayo ni maswali ambayo msomaji wa kawaida hujiuliza, pamoja na majibu yake.

Kwa nini nchi inunue mafuta kisha isiyatumie?

Sababu ni Oktoba 1973. Vita kati ya nchi za Kiarabu na Israeli vikiwa vinaendelea, wazalishaji wa Kiarabu walipunguza uzalishaji na kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi kwa kuiunga mkono Israeli. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 3 lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilipiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakapita na baiskeli katikati ya barabara kuu. Nchi changa zisizo na visima, Kenya na Tanzania zikiwemo, ziliumia kivyao: fedha za kigeni zilizotokana na kahawa, chai na katani zilimezwa na mafuta yaleyale ya jana.

Novemba 1974 nchi 16 zenye viwanda ziliunda Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris. Desemba 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya kuanzisha hifadhi ya Marekani.

Hizo "siku 90" zinazotajwa kila mara ni siku za nini?

Ni sharti la shirika hilo la Paris. Kila mwanachama anatakiwa awe na mafuta yanayolingana na siku 90 za uagizaji wake halisi, yaani anachonunua nje ukitoa anachouza nje, kwa wastani wa mwaka uliotangulia. Norwei, ambayo inauza kuliko inavyonunua, haibanwi na sharti hilo.

Wahasibu wa shirika ni wakali. Mafuta yaliyo kwenye matangi ya magari hayahesabiwi. Ya vituo vya kuuzia hayahesabiwi, wala ya jeshi. Hata ya kwenye bohari hukatwa asilimia 10, kwa kuwa mafuta ya chini kabisa ya tangi hayanyonyeki kirahisi.

Si lazima serikali iyamiliki yenyewe. Uswisi huwalazimisha waagizaji binafsi kuweka petroli na dizeli ya miezi minne na nusu. Ujerumani ina chombo maalumu kilichoanzishwa mwaka 1978, na kila anayeagiza au kusafisha mafuta nchini humo ni mwanachama apende asipende. Japani inachanganya ya serikali na ya makampuni. Wengine hukodi: New Zealand hulipia mikataba inayoipa haki ya kununua mafuta yaliyo kwenye matangi ya nchi nyingine. Mwaka 2020 Australia, iliyokuwa imeshindwa kufikisha siku 90 kwa miaka kadhaa, ilinunua mafuta na kuyaacha yahifadhiwe Marekani, upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki. Kwenye vitabu hesabu ilipendeza. Nahodha wa meli angeiona kwa jicho lingine.

Mapipa mamilioni yanawekwa wapi?

Wengi hufikiria matangi ya chuma meupe, kama yanayoonekana Kurasini, Dar es Salaam, au Kipevu, Mombasa. Yapo, lakini ni njia ya gharama. Marekani ilichagua chumvi. Pwani ya Texas na Louisiana ina makuba ya chumvi, miamba mikubwa ya chumvi tupu iliyojisukuma juu kutoka chini sana ardhini. Chumvi hiyo haipitishi mafuta, na ikipata ufa, mgandamizo wa kina kile huuziba wenyewe.

Kutengeneza pango hakuhitaji mchimbaji kushuka. Hutobolewa kisima, maji yakasukumwa chini, chumvi ikayeyuka, maji chumvi yakatolewa. Kupata nafasi ya pipa moja kunataka takriban mapipa saba ya maji. Pango la kawaida lina upana wa mita 60 na kimo cha zaidi ya mita 750, na hubeba mapipa milioni 10. Kwa kimo, minara miwili kama ule wa Eiffel ingepandana na nafasi ikabaki. Mapango ya namna hiyo yako takriban 60, kwenye vituo vinne: Bryan Mound na Big Hill upande wa Texas, West Hackberry na Bayou Choctaw upande wa Louisiana. Juu ya ardhi mpita njia haoni kitu ila vichwa vya visima, mabomba na uzio.

Kuyatoa ni kazi ya maji pia. Mafuta ni mepesi, hivyo maji yakisukumwa hadi sakafu ya pango, mafuta hupanda na kutokea juu. Hapo ndipo penye kasoro ambayo wanasiasa hawaitaji: maji hayo huyeyusha chumvi zaidi, na kila utoaji hulipanua pango. Wahandisi waliyasanifu yahimili kutolewa kote mara tano tu. Kadiri miaka inavyopita, joto la ardhini huyapasha mafuta na gesi huyaingia, ikabidi yasafishwe gesi hiyo yasije yakaleta hatari yatakapofunguliwa.

Uhifadhi wa chumvini nao umewahi kuharibika. Weeks Island, Louisiana, mafuta yaliwekwa kwenye mgodi wa zamani wa chumvi. Mwaka 1992 shimo lilionekana limefunguka juu ya mgodi huo, maji yakawa yanapenya. Mafuta yalihamishwa na kituo kikafungwa.

India imechonga mapango kwenye mwamba mgumu huko Visakhapatnam, Mangalore na Padur, yenye uwezo wa tani milioni 5.33 kwa pamoja. Japani ina mapango ya mwamba na pia matangi yanayoelea baharini.

Nani anaamua kufungua, na je, bei hushuka kweli?

Marekani ni rais. Akishatamka, mafuta hunadiwa kwa makampuni, na huchukua takriban siku 13 kuingia sokoni. Wanachama wa shirika la Paris nao huweza kutoa kwa pamoja. Hadi mwisho wa 2022 walikuwa wamefanya hivyo mara tano: vita vya Ghuba mwaka 1991, kimbunga Katrina mwaka 2005, vita vya Libya mwaka 2011, na mara mbili mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Mwaka 1991 ndio unaofundisha zaidi. Mashambulizi ya anga dhidi ya Iraki yalianza na utoaji wa akiba ukatangazwa karibu wakati mmoja, na kwa siku moja bei ya pipa ilianguka kwa dola 10 na ushee, kama theluthi moja. Mafuta yaliyouzwa baadaye na Marekani yalikuwa mapipa milioni 17 tu. Soko lilitulia kabla hata meli moja haijapakia, kwa kujua kwamba mlango upo na mtu amekwisha shika ufunguo. Bila shaka habari za vita vyenyewe kwenda vizuri zilichangia, pengine kuliko akiba.

Mwaka 2022 Rais Joe Biden aliamuru mapipa milioni 180 yatoke kwa miezi sita. Hadi wakati huo hakuna utoaji uliokuwa umewahi kufikia huo. Yaliuzwa kwa wastani wa dola 95 hivi, ilhali yalinunuliwa zamani kwa wastani wa dola zisizofika 30, kwa hiyo kibiashara serikali haikula hasara. Ila katikati ya 2023 hifadhi ilikuwa imeshuka hadi mapipa milioni 350 hivi, kiwango kilichoonekana mara ya mwisho mwaka 1983. Wapinzani walisema rais alitumia akiba ya vita kununua kura. Waliosema hivyo walisahau jambo moja: tangu 2015 Bunge la nchi hiyo, la vyama vyote viwili, lilikuwa likipitisha sheria za kuuza mafuta hayohayo ili kuziba mapengo ya bajeti.

Akiba ikiuzwa kinyemela je?

Afrika Kusini inayo hadithi hiyo. Wakati wa ubaguzi wa rangi, serikali ya makaburu iliogopa vikwazo, na mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipowanyima msambazaji wao mkuu, hofu ikawa na sababu. Walijaza mafuta kwenye migodi iliyoachwa ya makaa ya mawe huko Ogies na kwenye matangi makubwa ya saruji Saldanha Bay, kaskazini mwa Cape Town, yenye uwezo wa mapipa milioni 45.

Desemba 2015, bei ya dunia ikiwa imelala, mapipa yapata milioni 10 ya akiba hiyo yaliuzwa kwa wafanyabiashara binafsi kwa dola 28 hivi pipa moja. Wananchi walikuja kuyajua baadaye. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 2020 mauzo yakabatilishwa. Matangi hayakuwa yamevuja hata tone. Kilichovuja ni utaratibu wa nani anaruhusiwa kuuza na nani lazima aulizwe.

Ni bora kuweka mafuta ghafi au petroli iliyo tayari?

Inategemea kama kuna kiwanda cha kusafishia. Katrina ilipopiga, Marekani ilikuwa na mafuta ghafi tele mapangoni, lakini viwanda vya pwani vilikuwa vimezimwa na kilichopungua kilikuwa petroli. Ulaya, yenye matangi mengi ya dizeli na petroli, ndiyo iliyosaidia. Japani nayo, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, haikukosa mafuta; ilikosa bandari, barabara na malori ya kuyafikisha kaskazini, na watu walipanga foleni za saa nyingi kwenye baridi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Petroli inaoza. Mafuta ghafi hukaa pangoni miongo kadhaa, ila petroli huanza kupoteza ubora ndani ya miezi, hivyo lazima ya zamani iuzwe na mpya iingie. Kwa Afrika Mashariki hili si dogo. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na kile cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kimegeuzwa bohari zamani. Kumwekea Mkenya au Mtanzania mafuta ghafi leo ni kumpa mahindi asiyeweza kuyasaga.

Sisi huku tunayo akiba ya namna hiyo?

Kwa kiwango cha siku 90, hapana. Kilichopo zaidi ni mzigo wa biashara unaopita: meli inashusha, wenye mafuta wanachukua, nyingine inaingia. Sehemu kubwa ya yanayoonekana kwenye matangi ya Dar es Salaam ni ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi, kwa hiyo anayesoma kipimo cha bohari na kukigawa kwa matumizi ya Tanzania pekee anajidanganya.

Uganda ilionja mapema. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na kung'oa reli, Kampala ilikauka na bei kwenye vituo ikaruka. Matangi ya akiba yalikuwepo Jinja, ya serikali, ya tangu zamani. Yalikuwa matupu. Malawi imejenga matangi ya akiba Lilongwe, Blantyre na Mzuzu, lakini foleni kwenye vituo zimerudi kila dola zinapoadimika benki.

Tanzania sasa inajenga Kigamboni matangi 15 yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000. Yatapunguza siku ambazo meli husubiri kushusha, na kila siku ya kusubiri hulipiwa na mnunuzi wa lita moja. Yakikamilika yatakuwa nafasi, na nafasi hiyo itahitaji mtu wa kuijaza.

Na fedha za kuijaza zitoke wapi?

Chukua nchi ya mfano inayotumia mapipa 100,000 kwa siku. Akiba ya siku 30 ni mapipa milioni 3. Kwa dola 100 pipa la mafuta yaliyosafishwa, ni dola milioni 300 zilizolala, kabla ya kulipia matangi, bima na walinzi. Waziri wa fedha mwenye walimu na hospitali za kulipia hatazitoa kwa mkupuo. Ujerumani hulipia akiba yake kwa tozo iliyo ndani ya bei ya kila lita, chini ya senti moja ya yuro, na wenye magari hawaihisi. Kwetu, ambako bei kikomo hutangazwa kila mwezi na kila shilingi iliyoongezwa huzua mjadala, tozo kama hiyo ingehitaji maelezo ya wazi na akaunti isiyoguswa.

Iko njia nyingine ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi huweka mafuta yake Kagoshima, Japani, na Mangalore, India. Siku za kawaida huyatumia kama bohari ya kuuzia wateja wa jirani. Siku ya dharura, nchi mwenyeji ndiyo ya kwanza kununua. Mwenyeji anatoa matangi, mgeni anatoa mzigo. Mombasa na Dar es Salaam zina soko la bara nyuma yao ambalo mfanyabiashara wa Ghuba anaweza kulitamani, na Kenya tangu 2023 inanunua kwa mkopo kutoka makampuni ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Mazungumzo ya aina hiyo yakianza, vifungu vya kuangalia ni vitatu: siku ngapi za notisi, nani anatangaza dharura, na malipo ya siku hiyo yatakuwa kwa sarafu gani.