Mlevi Aliyefungwa na Milango Miwili ya Gereza

Ni neno mashuhuri katika mabaraza ya pwani, atajwapo kijana aliyezama katika ulevi, watu kusema: “Bora afungwe, akitoka atakuwa mtu.” Na mzazi aliyekwisha kuuziwa vyombo vyake hulipokea neno hili kama dawa. Ndani yake mna kweli kidogo na kosa kubwa. Kweli yake ni kuwa ukuta wa gereza humtenga mtu na chupa. Kosa lake ni kudhani ya kuwa aliyetengwa na chupa amekwisha kupona. Maradhi ya ulevi hukaa katika mwili na akili ya mnywaji. Huingia naye gerezani, hulala naye, na siku ya kutoka hutoka naye. Tena maradhi haya yana siku mbili za khatari kuliko zote, nazo ni siku za kuingia na siku za kutoka. Anayetaka kumtibu mfungwa mlevi na aiangalie milango hiyo miwili kabla ya kuangalia kitu kingine.

Mfano uliochaguliwa katika somo hili ni nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Haukuchaguliwa kwa kuwa watu wa huko ni waovu kuliko wengine. Umechaguliwa kwa kuwa huko jambo hili ni zito na msaada u mbali, na kwa kuwa watu wa pwani si wageni huko. Wako wenye maduka Kahama, wako madereva, mafundi na waalimu wa vyuo vya Kurani, na wako vijana waliopanda mabasi kwenda kutafuta bahati machimboni na khabari zao zikakatika.

Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa chini ya Waingereza miaka ya 1930, ikaendelea hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Geita yenyewe ilifanywa mkoa mwaka 2012, kwa kukatwa nchi kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Lakini kando ya migodi ya makampuni wako wachimbaji wadogo, watu wengi mno, na kazi yao yapasa ieleweke. Mtu hushuka kwa kamba katika duara, yaani shimo la dhahabu, mara nyingi usiku, katika joto na vumbi, naye ajua ya kuwa udongo waweza kumwangukia. Aghlabu hana mshahara. Hungoja mgawo wa mawe baada ya mwenye duara kutoa gharama zake, na mawe yakisagwa huenda yasitoe kitu. Basi hukaa majuma mengi hana senti, kisha siku moja akapata fedha nyingi kwa mara moja, na pembeni ya duara pamekwisha kuota mji wa mahema na vibanda ambao riziki yake ni kuzitoa fedha zile mfukoni mwake kabla jua halijachwa. Wenyewe husema bangi huondoa hofu ya kushuka, na gongo huleta usingizi baada ya kupanda. Mtu akishikwa hushikwa kwa gongo au bangi yenyewe, au kwa ugomvi wa ulevini, au kwa wizi wa mawe, au kwa kuingia bila ya ruhusa katika mgodi wa kampuni. Sababu ziko mbalimbali, na gereza ni moja.

Hapa msomaji wa pwani yapasa atofautishe. Akisikia neno “dawa za kulevya” moyo wake huenda kwenye unga, yaani heroini, kwa kuwa ndio uliowala vijana wa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Machimboni aghlabu jambo ni gongo na bangi. Gongo ni kileo kinachochemshwa na kukingwa mvuke wake, na kukipika bila ya ruhusa ya Serikali ni kosa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1966. Nguvu yake haipimwi na mtu, na mara nyingine huwa na sumu inayopofusha macho. Tofauti hii si ya maneno tu. Dawa iitwayo methadoni, ambayo ni rehema kwa mtu wa unga, haimfai kitu mtu wa gongo.

Ama mlango wa kuingia, mambo yake ni haya. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, mwili wake umekwisha kujipanga juu ya kileo. Kikikatwa ghafula, baada ya saa sita hata kumi na mbili hivi mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, hutapika, wala usingizi haumjii. Siku ya kwanza hata ya pili huweza kuangushwa na kifafa, naye hakuwa na kifafa maisha yake yote. Na kati ya siku ya pili na ya nne huja, kwa baadhi yao, balaa iliyo kubwa kuliko hayo: akili hupotea, huona wadudu na watu wasiokuwapo, hupigana na ukuta, moyo hwenda mbio na mwili huwaka moto. Zamani, kabla ya kupatikana matibabu, hali hii iliweza kuua hata theluthi ya walioipata. Leo, akitibiwa vema, wanaokufa ni chini ya 5 katika kila 100.

Sasa ifikiriwe siku ya tatu hiyo humkuta mtu yu wapi. Alikamatwa usiku wa Ijumaa. Jumapili yu katika chumba cha polisi au katika selo iliyojaa, wala hapana tabibu. Wenziwe wasema karogwa, au ajifanya wazimu apate kuachiliwa, au ni malaria imempanda kichwani. Huenda wakamfunga kamba, huenda wakampiga. Na dawa yake ni ya bei ndogo: dayazepamu, kwa kipimo cha mganga, ikipunguzwa siku hata siku; na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa siku nyingi hukosa vitamini hiyo, na ubongo wake waweza kuharibika usipone tena; na maji ya kutosha; na mahali palipo kimya penye taa. Anayejua kuuliza maswali mawili mlangoni, yaani “wanywa nini?” na “mara ya mwisho ulikunywa lini?”, aweza kuiokoa roho kwa karatasi na kalamu. Mkuu wa gereza asiyeuliza hakumtendea mfungwa ukali wala upole. Hakujua tu kwamba alikuwa amepokea mgonjwa.

Mtu wa bangi shida yake ni nyingine. Hukosa usingizi, hukasirika upesi, hula kidogo, na baada ya majuma mawili matatu hutulia; ila yule ambaye bangi imemgusa akili huyo ni wa hospitali. Mtu wa unga huumia sana kwa juma zima, kwa kutapika na kuharisha na maumivu ya mifupa, na aghlabu hafi, maadamu apewa maji.

Zapita siku hizo. Mfungwa ala, alala, anenepa, macho yametakata. Jamaa wakija kumtazama hufurahi na kusema kapona. Juu ya furaha hii kuna khabari ya Marekani inayofaa kutafakariwa. Mwaka 1935 serikali ya nchi ile ilifungua Lexington, katika Kentucky, nyumba kubwa iliyokuwa nusu gereza na nusu hospitali, khasa kwa watu wa afyuni na heroini. Palikuwa na mashamba na ng'ombe wa maziwa, kazi za mikono na matabibu, hewa safi na muda mrefu. Haikupata kutokea nyumba ya namna ile kwa mali na ilmu. Kisha watu wakafuatwa makwao. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1962, juu ya watu karibu 1,900 waliotoka huko na kurejea New York, ulionyesha kuwa zaidi ya 90 katika kila 100 walirudia, na wengi wao miezi sita haikutimia. Ikiwa shamba lile halikutosha, selo ya Kahama itatosha kwa lipi?

Wala kwa Waislamu jambo hili si geni. Tarehe zasimulia khabari za Abu Mihjan wa Thaqif, aliyepigwa mijeledi kwa ulevi mara baada ya mara, asiache. Katika vita vya Kadisiya, Saad bin Abi Wakkas alikuwa amemtia minyororoni. Akasikia vita vinanguruma, akamwomba mke wa Saad amfungue, akampa ahadi ya kurudi. Akaenda akapigana, jioni akarejea akaitia miguu yake minyororoni mwenyewe. Saad alipojua alimwachilia, naye ndipo alipoapa kutokunywa tena. Yatazamwe yaliyomwacha na yaliyomgeuza: mijeledi haikumtoa katika ulevi, na alitoka siku alipopewa kazi ya heshima na neno lake likaaminiwa.

Mlango wa kutoka khatari yake ni ya namna nyingine. Mtu wa unga aliyekaa miezi bila ya kutumia, mwili wake umesahau kiasi alichokizoea, na yeye mwenyewe hakusahau. Siku ya kwanza nje hutwaa kipimo kile kile cha zamani, nacho sasa ni cha kuua. Katika jimbo la Washington, Marekani, walifuatwa watu 30,237 waliotoka magerezani tangu mwaka 1999 hata 2003. Ikaonekana kuwa katika majuma mawili ya kwanza khatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 kuliko wenyeji wengine, na khatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Mlevi wa gongo naye yumo katika khatari: kileo kilichokuwa kikimtosha kulala sasa chamweka taabani, tena amesimama stendi ya mabasi hana nauli, hana kitanda, na anayemkaribisha kwa furaha ni rafiki wa kibandani.

Kwa mfungwa aliyehukumiwa, tarehe ya kutoka hujulikana mapema, hata ikiwa amepunguziwa kifungo kwa mwenendo mwema. Mahabusu ni mashaka zaidi. Huyu hupelekwa mahakamani asubuhi, kesi ikifutwa huondoka pale pale kizimbani, na dawa zake zimebaki gerezani.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zasema katika kanuni ya 24 kwamba mfungwa apate matibabu ya daraja ile ile ya watu wa nje, na kwamba matibabu yasikatike aingiapo wala atokapo, na uraibu wa dawa umetajwa humo kwa jina lake. Tanzania imekwisha kuanza. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye ikawako kliniki ya dawa hiyo katika gereza la Segerea, Dar es Salaam. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa iko Sekou Toure, mjini Mwanza. Lakini methadoni ni dawa ya kila siku. Kutoka Shinyanga hata Mwanza ni kilomita zaidi ya 150, na kutoka Geita ni zaidi ya 100, na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa kungoja kivuko bila ya kuondoa nauli. Na mtu wa gongo, aliye wengi huko, kliniki hiyo haikuwekwa kwa ajili yake.

Basi kwa gereza dogo la bara jambo lililo karibu ni kumfunza mganga wa zahanati yake kuzijua zile siku nne za kwanza, na kuwa na dawa mbili zile katika kabati. Kisha mazungumzo ya kila juma, wenye taabu moja wakikaa pamoja chini ya mtu aliyekwisha kuacha, kama zifanyavyo nyumba za kupatia nafuu za Unguja. Jambo hili halitaki mashine. Na kwa makosa madogo hakimu anayo sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002, ambayo kwayo mtu hufanya kazi ya umma badala ya kufungwa, akalala kwake na kwenda kwa tabibu.

Wako watakaosema, mlevi kajitakia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa mtu mlevi akaadhibiwa, na mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Akamkataza, asije akamsaidia Shetani juu ya nduguye. Ilikuwa baada ya adhabu, si badala yake.

Na jamaa wa msikiti wa Kahama au Geita wanayo kazi isiyohitaji ruhusa kubwa. Wamwulize mkuu wa gereza tarehe za kutoka. Mmoja wao awe langoni asubuhi ile, si jioni, na nauli mkononi, na jina la mwenye karasha au mwenye duka aliyekubali kumpa kazi mbali na vibanda. Na mfungwa atoke na karatasi ya mganga iliyoandikwa: alikuwa akitumia nini, tangu lini hakutumia, apewa dawa gani kwa kipimo gani, na zahanati gani yamngoja siku ya Jumatatu.