Kutoka safu ya gazeti hadi meza ya mdahalo: Stephen A. Smith na lugha ya hoja

Utangulizi

Mwaka jana redio moja ya hapa Lubumbashi ilinialika katika kipindi chake cha michezo cha Jumamosi. Walitaka mwanafunzi wa lugha, yaani mtu mwenye maneno. Kabla ya kuingia studio mwongozaji alitugawia pande: mwenzangu amtetee kipa wa timu ya mtaa wetu, aliyefungwa mabao matatu wiki ile, nami nimpinge. Nilimpinga. Mjadala ulipopamba moto nilisema kwamba kijana yule aliuza mechi. Sikuwa na ushahidi wowote. Simu zilimiminika na mwongozaji alifurahi. Jumatatu mama yake kipa, ambaye huuza sombe sokoni karibu na kwetu, alinisimamisha akaniuliza kwa upole: "Mutoto yangu, nani alikuambia ile maneno?" Sikuwa na jibu.

Makala hii imetokana na swali hilo. Ninataka kuchunguza jambo moja: hoja inapohama kutoka karatasini kwenda kwenye meza ya mdahalo, inapoteza nini na inapata nini? Mfano wangu ni Stephen A. Smith wa Marekani. Alianza kama mwandishi wa magazeti, na leo ni mmoja wa watu wanaojulikana zaidi katika midahalo ya michezo ya televisheni nchini mwake.

1. Njia ya mwandishi

Smith alizaliwa mwaka 1967 katika mji wa New York, akakulia mtaa wa Hollis, Queens. Shuleni alirudia darasa kwa sababu kusoma kulimpa shida, na baadaye alieleza kwamba ana disleksia, yaani tatizo linalomfanya mtu asome kwa taabu. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu ambaye maandishi hayakumjia kwa urahisi.

Alisoma katika chuo kikuu cha Winston-Salem State, jimbo la North Carolina, akachezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho. Kocha wake alikuwa Clarence Gaines, mtu wa heshima kubwa, aliyefundisha hapo kuanzia mwaka 1946 hadi 1993 na kushinda mechi 828. Smith, akiwa bado mchezaji wake, aliandika katika gazeti la wanafunzi kwamba kocha huyo anapaswa kustaafu kwa sababu ya afya yake. Ndugu msomaji, fikiria mwanafunzi wa kwetu akiandika hivyo kuhusu mkubwa wake, kisha kesho yake aende mazoezini na kumtazama usoni. Maneno ya karatasini yana jina la mwandishi chini yake, na mwandishi hawezi kuyakana.

Baada ya masomo alipitia magazeti kadhaa, na mwaka 1994 akaingia Philadelphia Inquirer. Kwa miaka mingi aliandika habari za timu ya 76ers na za ligi ya NBA. Kazi hiyo ilimtaka awepo mechini na katika chumba cha wachezaji, awapigie watu simu na kuhakikisha neno kabla ya kulichapisha. Mwaka 2001 timu hiyo ilifika fainali ya NBA ikiwa na Mkongomani mwenzetu Dikembe Mutombo, aliyejiunga nayo Februari mwaka huohuo. Mwaka 2003 Smith akapewa safu yake mwenyewe, yaani nafasi ya kudumu ya kutoa maoni.

Wakati huo mlango wa televisheni ulikwisha kufunguliwa. Mwaka 2001 ESPN ilianzisha kipindi ambamo waandishi wawili wa Washington Post, Tony Kornheiser na Michael Wilbon, walibishana kama walivyozoea kubishana ofisini. Watazamaji walikipenda. Smith naye alipewa kipindi chake ESPN mwaka 2005, lakini kilikoma mapema mwaka 2007. Mwaka huohuo gazeti lilimwondolea safu, na mwaka 2009 ESPN nayo ikaachana naye. Alirudi ESPN mwaka 2011, na mwaka 2012 akawa mshiriki wa kudumu wa kipindi cha First Take pamoja na Skip Bayless, ambaye pia alikuwa mwandishi wa safu za magazeti. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba alipata mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 100 hivi. Hakuna safu ya gazeti inayolipa hivyo, na hilo peke yake linaeleza kwa nini waandishi wengi walihama.

2. Safu na mdahalo: tofauti za lugha

Tuchukue hoja moja na kuiandika mara mbili. Nimetumia kipa wangu.

Katika safu: "Ijapokuwa kipa alifungwa mabao matatu, mawili yalitokana na uzembe wa mabeki. La tatu, hata hivyo, ni kosa lake, na huenda linatokana na kukosa mazoezi ya krosi."

Katika mdahalo: "Kipa huyu amekwisha! Kila mtu aliona!"

Tofauti ya kwanza ni viunganishi vya kukubali. "Ijapokuwa" na "hata hivyo" humpa mpinzani haki yake kabla ya kumjibu. Katika mdahalo mpinzani ameketi mbele yako. Ukimpa sehemu ya haki, ataichukua na kusema umeshindwa. Kwa hiyo viunganishi hivi huwa vya kwanza kutoweka.

Tofauti ya pili ni maneno ya kiasi: "huenda", "yawezekana", "ninavyodhani". Nafasi yake huchukuliwa na "kabisa", "kamwe" na "kila mtu".

Tofauti ya tatu ni mtendaji wa kosa. Safu inaweza kugawa kosa kati ya kipa, mabeki na mazoezi. Mdahalo hutafuta mtu mmoja, kwa kuwa jina moja ni rahisi kulipigia kelele.

Lakini tusimhukumu Smith haraka. Ukimsikiliza vizuri, utaona kwamba mara nyingi hotuba yake bado ina mifupa ya safu: hutaja dai lake, huleta ushahidi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha hurudia dai kwa sauti ya juu zaidi. Hunyamaza kidogo kabla ya neno zito na hurefusha silabi zake, jambo ambalo karatasi haiwezi kufanya. Mdahalo, basi, una faida yake: humfikia hata asiyesoma gazeti, na hulazimisha hoja kujibiwa papo hapo. Wengi humwiga sauti yake, lakini hawaoni miaka aliyoitumia kukusanya habari kabla ya kuipandisha.

3. Kosa la Julai 2021

Hata hivyo miaka hiyo haikumkinga. Julai 2021 Smith alizungumzia Shohei Ohtani, nyota Mjapani wa besiboli. Alisema kwamba ni hasara kwa mchezo huo kuwa na nyota mkuu anayehitaji mkalimani ili kuzungumza na watu. Wengi waliudhika, hasa kwa kuwa wakati huo Wamarekani wenye asili ya Asia walikuwa wakishambuliwa mitaani. Siku ileile Smith aliomba radhi kwa maandishi, na kesho yake akarudia kipindini.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, kosa hili lina mafunzo mawili. La kwanza linahusu mkalimani mwenyewe. Hapa Lubumbashi mahubiri ya Kifaransa hutafsiriwa kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, na hakuna anayesema kwamba mhubiri amepungukiwa. Mutombo, aliyecheza Philadelphia Smith alipokuwa mwandishi huko, alitoka Kinshasa na kusoma isimu na diplomasia katika chuo kikuu cha Georgetown. Alisifika kwa kuzungumza lugha nyingi. Mgeni anapojieleza kwa lugha yake, akili yake haipungui.

La pili linahusu njia ya kurekebisha. Smith alipotaka kulirudi neno lake, alianza kwa kuandika. Kalamu ilimpa muda wa kuchagua maneno, muda ambao meza ya mdahalo ilikuwa imemnyima.

4. Somo kwetu

Wenzangu wengi wa kitivo chetu wanatamani kazi ya redio na televisheni, nami ni mmoja wao. Sisemi tuikatae. Ninasema tuijie kwa njia ya karatasi. Kabla ya kuingia studio, andika hoja yako katika aya moja, kisha ujiulize: nani aliniambia hili? Ni sehemu gani ya hoja ya mpinzani ninayoikubali? Je, ningeweza kumsomea aya hii mtu ninayemtaja, uso kwa uso?

Mimi nilifanya zoezi hilo nikiwa nimechelewa. Jumamosi iliyofuata niliomba dakika mbili redioni, nikasoma aya niliyoiandika: kwamba sikuwa na ushahidi, kwamba nilimkosea kijana yule na jamaa yake, na kwamba mabao mawili hayakuwa yake. Hakuna msikilizaji aliyepiga simu, na mwongozaji hajanialika tena. Ila nikipita sokoni, mama yule huniamkia, nami humwitikia bila kutazama chini.