Gharama ya Kupasha na Kupoza Nyumba: Hesabu ya Chumba Kimoja cha Sekei, Arusha

Mji wa Arusha uko digrii 3 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, lakini mwinuko wake ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kata ya Sekei imelala kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, na usiku hewa nzito yenye baridi huteremka kutoka mlimani na kupita kati ya nyumba. Mwezi Julai halijoto ya alfajiri hushuka kukaribia digrii 12 au 13 za sentigredi. Mwezi Februari halijoto ya mchana hupanda hadi digrii 28 au 29, kisha usiku hushuka tena kukaribia 15. Basi mkazi wa Sekei hujiuliza maswali mawili katika mwaka mmoja: wakati wa kipupwe, namna ya kupasha nyumba, na wakati wa kiangazi, namna ya kuipoza.

Siku hizi jibu linalotolewa upesi ni kununua mashine. Makala haya yanaonyesha kwamba swali hilo laweza kujibiwa kwa kanuni za fizikia zinazofundishwa sekondari na kwa hesabu nyepesi, na kwamba mashine si lazima iwe jibu la kwanza.

1. Joto hutokaje nyumbani?

Joto husafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Husafiri kwa njia tatu: kwa mpitisho ndani ya vitu vigumu kama ukuta, kwa myuko, yaani kwa mwendo wa hewa au kimiminika, na kwa mnururisho, kama joto la jua linavyotufikia. Katika nyumba njia zote tatu hufanya kazi pamoja. Wahandisi huzijumlisha katika namba moja iitwayo kima cha upitishaji, ambayo hueleza ni wati ngapi za joto zinazopenya katika mita 1 ya mraba pale tofauti ya halijoto kati ya ndani na nje ikiwa digrii 1. Kanuni yake ni hii:

Joto linalopotea (wati) = kima cha upitishaji × eneo × tofauti ya halijoto

Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 uliopigwa lipu una kima cha 3 hivi. Dirisha la kioo kimoja ni 6 hivi. Paa la bati tupu, lisilo na dari, ni 7 hivi. Paa hilo hilo likiwekewa dari ya silingibodi hushuka hadi 3 hivi, kwa sababu hewa iliyotulia kati ya bati na dari ni kihami kizuri cha joto. Nyumba za kale za kuezekwa kwa nyasi katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro zilitumia kanuni iyo hiyo: nyasi nene hushika hewa nyingi ndani yake. Zaidi ya hayo, ng'ombe waliolala chini ya paa moja na watu walikuwa chanzo cha joto, kwani ng'ombe mmoja hutoa wati mia kadhaa mchana na usiku.

2. Hesabu ya chumba

Ichukuliwe sebule ya mita 4 kwa mita 4, yenye kimo cha mita 3. Kuta zake mbili zimeelekea nje na mbili zimepakana na vyumba vingine. Eneo la kuta za nje ni mita za mraba 24. Dirisha likichukua 3, zinabaki 21. Paa ni la bati tupu. Hewa ya chumba, mita za ujazo 48, hubadilika mara 3 kwa saa kupitia mianya ya madirisha, ya mlango na ya chini ya paa. Kwa kuwa hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya pwani, kila mita ya ujazo inayobadilika kwa saa hupoteza wati 0.28 kwa digrii moja, badala ya 0.33. Joto linalopita sakafuni limeachwa ili hesabu iwe nyepesi.

Upotevu kwa kila digrii 1 ya tofauti:

Kuta: 3 × 21 = wati 63
Dirisha: 6 × 3 = wati 18
Paa: 7 × 16 = wati 112
Hewa: 0.28 × 48 × 3 = wati 40
Jumla: wati 233

Nje kukiwa na digrii 13, na familia ikitaka digrii 20, tofauti ni 7. Joto linalopotea ni 233 × 7, yaani wati 1,631. Karibu nusu yake hupita paani.

Sasa chumba hicho kiwekewe dari, na mianya izibwe hadi hewa ibadilike mara 1 tu kwa saa. Paa litapoteza 3 × 16 = wati 48, na hewa wati 13. Jumla ni 63 + 18 + 48 + 13 = wati 142 kwa digrii; kwa digrii 7 ni wati 994.

Ikumbukwe pia kwamba mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Watu wanne pamoja na taa na televisheni hutoa kama wati 500 bila malipo ya ziada. Katika chumba kisicho na dari, wati 500 hizo hupandisha halijoto kwa digrii 2 tu (500 ÷ 233). Katika chumba chenye dari huipandisha kwa digrii 3 na nusu (500 ÷ 142). Watu ni wale wale na taa ni ile ile. Kilichobadilika ni nyumba.

3. Gharama ya kuendesha

Joto linalobaki kutafutwa ni wati 1,631 − 500 = 1,131 katika chumba cha kwanza, na wati 994 − 500 = 494 katika cha pili. Ichukuliwe kwamba sebule hupashwa kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku kwa siku 90, yaani saa 360 kwa msimu. Bei ya umeme ikiwa shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, gharama ya msimu itakuwa kama ifuatavyo:

Chumba bila dari, hita ya kawaida: uniti 407, shilingi 145,000 hivi.
Chumba bila dari, kiyoyozi cha kupasha: uniti 136, shilingi 48,000 hivi.
Chumba chenye dari, hita ya kawaida: uniti 178, shilingi 63,000 hivi.
Chumba chenye dari, kiyoyozi cha kupasha: uniti 59, shilingi 21,000 hivi.

Kiyoyozi kinashinda hita kwa sababu hakitengenezi joto lote kwa umeme. Huvuta joto lililomo katika hewa ya nje na kulisukuma ndani, mithili ya jokofu lililogeuzwa. Kwa uniti 1 ya umeme chaweza kuleta uniti 3 za joto. Kanuni ya hifadhi ya nishati haivunjwi hapo: uniti mbili zimetoka nje ya nyumba.

4. Gharama ya kufunga

Bei ya kufunga kiyoyozi si bei ya mashine peke yake. Kuna mabomba ya shaba, gesi, vyuma vya kuishikilia ukutani, waya wake wa umeme wenye kikata umeme chake, bomba la maji yanayodondoka, na ujira wa fundi. Anayetaka kufunga aombe ankara ya makadirio kutoka kwa mafundi watatu, kisha atumie kanuni hii:

Miaka ya kurudisha gharama = gharama ya kufunga ÷ akiba ya kila mwaka

Kwa mfano tu, jumla ya kufunga iwe shilingi 1,800,000. Katika chumba bila dari, akiba dhidi ya hita ni 145,000 − 48,000 = shilingi 97,000 kwa mwaka; gharama itarudi baada ya miaka 18 na zaidi. Katika chumba chenye dari akiba ni shilingi 42,000, na gharama itarudi baada ya miaka 43 hivi. Mashine yenyewe kwa kawaida huishi miaka 10 hadi 15. Kwa upande mwingine, dari na kuziba mianya vikigharimu, tuseme, shilingi 400,000, akiba ni 145,000 − 63,000 = shilingi 82,000 kwa mwaka, na gharama hurudi kabla ya miaka 5.

Dari hiyo hiyo hufanya kazi ya pili wakati wa kiangazi. Bati likipigwa na jua la mchana huweza kufika digrii 60, likanururisha joto juu ya vichwa vya waliomo. Dari hulizuia. Kwa kuwa usiku wa Sekei ni wa baridi hata mwezi Februari, madirisha yakifunguliwa usiku kuta hupoa, na mchana unaofuata huchukua muda mrefu kupata joto. Dar es Salaam hali ni tofauti: usiku wa Februari halijoto haishuki sana chini ya digrii 24, na hewa imejaa unyevu, huko kiyoyozi kina hoja yenye nguvu zaidi.

5. Hatari ya njia iliyo rahisi

Iko njia inayoonekana rahisi kuliko zote, nayo ni jiko la mkaa. Kilo 1 ya mkaa ina nishati ya kama uniti 8 za umeme, hivyo nusu kilo na kidogo yatosha kupasha sebule iliyoelezwa kwa jioni nzima. Lakini mkaa unapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaunyima mwili hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala hufa bila kuamka.

Hapa hesabu yadai uangalifu mkubwa. Kuziba mianya kulikopunguza gharama ndiko kunakoifungia gesi ndani. Chumba kilichozibwa kamwe kisiingizwe jiko la mkaa, hata lile lililoonekana kuzimika, kwani makaa yaliyofunikwa kwa majivu bado yanatoa gesi. Mwenye dalili hizo atolewe nje penye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitali.

Kwa mwenye kipato kidogo, basi, mpango unaofaa ni kuanza na dari, kufuata na mianya, kisha blanketi. Hita ndogo ya umeme ni ya mwisho, kwa usiku wa baridi kali. Mashine kubwa yaweza kungoja.

Mazoezi

1. Dari ya chumba cha mfano ikiongezewa kihami, kima cha paa hushuka hadi 0.7. Kokotoa joto linalopotea kwa tofauti ya digrii 7. (Jibu: wati 735 hivi.)

2. Tumia bei ya uniti iliyo katika risiti ya umeme ya nyumbani au shuleni kurudia hesabu za sehemu ya 3.

3. Tundika vipimajoto viwili kwa kimo kimoja, kimoja katika darasa lenye dari na kingine katika darasa lisilo nayo. Andika vipimo saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni kwa wiki moja. Chora grafu, kisha eleza tofauti kwa kutumia maneno mpitisho, myuko na mnururisho.